UZI: Madoa miguuni mwa mtoto ambayo hayapotei ukibonyeza. Kabla hujasema ni aleji pita hapa

Tabibu_wa_Zamu:

Wakuu habari za jioni. Niko wodi ya watoto hospitali ya wilaya moja huku ukanda wa pwani, na huu uzi nilitakiwa niuandike siku nyingi. Analetwa mtoto wa miaka mitano sita hivi, madoa miguuni na makalioni, na bahasha ya mama imejaa vikaratasi vya huku na kule: aleji, fangasi, aleji, "kaumwa na wadudu", aleji tena. Ameshanyweshwa Piriton, ameshapakwa kila tyubu ya duka la dawa la mtaani, na madoa yako palepale.

Iko hivi. Kuna kundi la magonjwa ambapo kinga ya mwili inageuka na kushambulia kuta za mishipa ya damu, wenyewe wanaita vaskulaitisi. Ukuta ukivimba unavuja, damu inatoka nje ya mshipa na kukaa chini ya ngozi, ndo lile doa unaloliona. Kwa watoto inayoongoza kwa mbali ni vaskulaitisi ya IgA (IgA ni aina mojawapo ya kingamwili), wengi bado tunaiita Henoch-Schönlein kwa majina ya madaktari wawili wa Kijerumani wa karne ya 19, ingawa Mwingereza Heberden alishaandika mwaka 1801 habari za mtoto wa kiume wa miaka 5 mwenye tumbo linalouma, damu kwenye choo na mkojo, na madoa miguuni. Yaani ugonjwa si mpya, ni sisi tu kuuona. Inawakamata zaidi miaka 3 mpaka 15, hasa 4 mpaka 6, na nchi walizohesabu wanapata watoto kama 10 hadi 20 kwa kila laki moja kwa mwaka. Mara nyingi wiki moja au mbili kabla yake mtoto alikuwa na mafua au koo.

Sasa ngozi. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, vinakwambia doa jekundu au zambarau. Kwa mtoto wetu mweusi doa linakuja la kahawia iliyoiva au jeusi kabisa, na wekundu wa pembeni huuoni. Kwaiyo usifuate rangi. Chukua glasi ya kioo safi, ikandamize juu ya doa uangalie kwa kupitia humo kwenye mwanga wa jua. Kipele cha aleji au harara kinafifia maana damu bado iko ndani ya mshipa, ukikandamiza inasogea. Hili halififii, damu imeshamwagika. Kama weusi unakuchanganya nenda sehemu ambazo ngozi ni nyepesi: nyayo, viganja, ndani ya kope la chini, na juu kwenye paa la kinywa, washa tochi ya simu.

Alafu papasa. Fumba macho upitishe ncha za vidole taratibu kwenye muundi wa mtoto. Madoa ya vaskulaitisi unayahisi, yana kimwinuko, na hiki kwangu ndo kipimo bora kuliko macho hasa kwa ngozi nyeusi. Madoa ya pletileti (chembe za damu zinazosaidia kugandisha) kushuka ni bapa, vidole havikuti kitu.

Tatu angalia yamekaa wapi. Hii kitu inapenda kwenda chini, miundi, vifundo vya miguu, makalio, mkono wa nje karibu na kiwiko, na pande zote mbili. Inapenda pia panapobana: mstari wa lastiki ya soksi, mkanda wa kaptula. Mtoto anayebebwa bado yatakuwa makalioni zaidi. Tumbo na kifua kwa kawaida vinasalimika.

Ila jambo lenyewe nililoanzishia uzi ni hili hapa. Madoa hayamuui mtoto na hayahitaji dawa ya kupaka, yatafifia yenyewe kama alama ya kugongwa, mengine yatarudi, mengine yataisha. Kinachotakiwa kufuatwa ni MKOJO. Mshipa uleule unaovuja ngozini unavuja pia kwenye figo na kwenye utumbo, na huko hakuna glasi ya kubonyezea. Karibu theluthi moja ya watoto hawa figo zinaguswa, na mtoto hasikii chochote, anacheza mpira. Maswali karibuni.

---

mama_pacha:

Dokta asante, lakini mimi wa kwangu alitokwa madoa tukaambiwa aleji ya dagaa na alipona kweli kwa Piriton. Sasa tutajuaje ni ipi na ipi maana nyie mnatutisha

---

Tabibu_wa_Zamu:

mama_pacha huyo wako ilikuwa aleji kweli, wala sikupingi. Aleji ya ngozi ina tabia zake: inawasha sana, inavimba kama ramani, na inahama, asubuhi iko tumboni jioni iko mgongoni, kila alama haimalizi siku nzima sehemu moja. Madoa ya vaskulaitisi hayahami. Chukua kalamu ya wino uzungushie doa mduara, kesho rudi. Kama liko palepale ndani ya mduara na limebadilika rangi kama alama ya ngumi, hiyo sio aleji ya dagaa, mtafutie mtoto kipimo.

---

Kijukuu cha Bibi Mwanaidi:

kwetu hiyo tunasema mtoto kakanyaga kitu kibaya njia panda miguu inaoza damu. wazee walikuwa wanaosha na maji ya majani na ilikuwa inaisha msidharau

---

Tabibu_wa_Zamu:

Inaisha ndio, hata usipoosha na kitu. Kwa watoto wengi ugonjwa unakwisha wenyewe ndani ya kama wiki nne, kwaiyo chochote utakachotumia katikati hapo kitapata sifa, majani, tyubu, hata dawa yangu. Wazee wasilaumiwe, waliona kinachoonekana. Wao hawakuwa na kijiti cha kupima mkojo.

---

Mwl_wa_Darasa_la_Pili:

Nashukuru uzi huu umekuja maana mimi nusura nipigwe. Mwanafunzi wangu alirudi nyumbani na madoa meusi makalioni na nyuma ya miguu, mzazi akaja shuleni mbio amevimba anasema mwalimu umemchapa mwanangu mpaka damu imevilia. Na kweli ukitazama utasema viboko tu, ndo sehemu zenyewe za kuchapwa. Mimi fimbo siku hiyo sikushika. Mkuu wa shule akataka nijieleze kwa maandishi, majirani wameshajua, mpaka zahanati ikasema apelekwe hospitali kubwa maana magoti yalianza kuvimba. Ndo likatajwa hilo jina la IgA. Mzazi alikuja kuongea na mimi baadaye tukayamaliza. Dokta hebu sema wanatofautishaje, maana walimu tutaishia polisi

---

Tabibu_wa_Zamu:

Mwalimu pole sana. Na sio Tanzania tu, duniani kote ugonjwa huu unafahamika kwa kuleta kesi ya mtoto kudhaniwa amepigwa.

Fimbo huwa inaacha mistari miwili sambamba na katikati panabaki peupe, kwa sababu damu inasukumwa pembeni. Inafuata urefu wa fimbo, iko upande mmoja zaidi kulingana na mkono wa anayechapa. Vaskulaitisi inaacha vidoa vidogo vingi vya mviringo, kingine kama kichwa cha pini kingine kama shilingi, vinaungana ungana, kulia na kushoto karibu sawa, na vinashuka mpaka kwenye vifundo na juu ya nyayo ambako hakuna anayechapa. Plus vifundo vimevimba na mtoto anachechemea. Na vipya vinatokea hata akiwa amelala wodini siku ya tatu, hapo ubishi wote unaisha.

Nasema pia upande wa pili ili nisieleweke vibaya: mtoto akiwa na alama masikioni, shingoni, mgongoni, za umri tofauti tofauti, na maelezo ya mzazi au mwalimu yanabadilika, huyo anatakiwa kuchunguzwa kama amepigwa. Jina la ugonjwa lisitumike kuficha kipigo.

---

Bint_Raskazone:

Jamani mimi mwanangu wa miaka 6 hali ndo hii hii naandika natetemeka. Ilianza tumbo, tumbo tumbo, tukapewa dawa ya minyoo, siku ya nne ndo madoa yakatokea miguuni na kifundo kimevimba hakanyagi. Leo tumepima damu wanasema pletileti ziko kawaida mama usijali nenda nyumbani. Homa hana. Sasa kama damu iko kawaida si ndo kusema hana kitu?? na je naweza kuweka picha hapa muone

---

Tabibu_wa_Zamu:

Dada picha ya mtoto usiweke hapa, zikishaingia mtandaoni hazirudi. Mpe mtabibu aliye mbele yako.

Pletileti kuwa kawaida haina maana hana kitu. Kwa madoa ya namna hii hilo ndo jibu linaloelekeza kwenye vaskulaitisi, kwa sababu damu ina vifaa vyote vya kuganda, tatizo ni ukuta wa mshipa. Zingekuwa zimeshuka tungefikiria mambo mengine kabisa: ITP ambapo kinga inakula pletileti zenyewe, au saratani ya damu, hasa mtoto akiwa amepauka, mifupa inamuuma usiku, tezi zimevimba, homa haikatiki.

Na tumbo kutangulia ni kawaida sana. Tumbo au magoti yanaweza kuanza siku kadhaa hata wiki mbili kabla ngozi haijasema. Kuna watoto wamekaribia kupasuliwa apendiksi kumbe madoa yako njiani.

Sasa mambo ya leo usiku. Tumbo lake bado linauma? Likija kwa kukata na kuachia, akakunja miguu, akatapika kijani, au ukaona damu au kamasi nyekundu kwenye choo, usingoje asubuhi. Kwenye ugonjwa huu kipande cha utumbo kinaweza kuingia ndani ya kipande kingine kikaziba, ultrasaundi inaonyesha. Kama ni mvulana muulize na korodani, zinaweza kuvimba na kuuma, na daktari lazima ahakikishe hazijajisokota. Maumivu ya kifundo mpe paracetamol kwa uzito wake. Diklofenaki na ndugu zake acha kwanza mpaka figo zijulikane zikoje.

---

Bint_Raskazone:

Amekula uji na amelala. Choo cha leo kilikuwa kawaida. Ni wa kike. Mkojo hawakupima, kesho nikirudi niwaambie nini

---

Fundi_Mabomba_TZ:

Tabibu kuna swali. Umesema glasi isipofuta doa ni vaskulaitisi. Mimi nimesoma mahali kwamba isipofuta ni homa ya uti wa mgongo na mtoto anaweza kufa siku hiyohiyo. Ipi ni ipi hapo?

---

Tabibu_wa_Zamu:

Fundi umegonga penyewe, na hili lilitakiwa liwe juu kabisa kwenye uzi.

Glasi inakwambia kitu kimoja tu, damu imetoka nje ya mshipa. Haikwambii kwa nini. Bakteria wa meningokoki, mmoja wa wanaoleta hiyo homa ya uti wa mgongo, akiingia kwenye damu anatoa madoa yasiyofifia pia, na huyo anaua kwa masaa. Tofauti ni MTOTO, usitazame doa peke yake. Mwenye vaskulaitisi ya IgA kwa kawaida ukiacha tumbo na viungo yuko vizuri, anaongea, anataka simu yako acheze gemu. Mwenye meningokoki ana homa, amelegea, miguu na mikono baridi, anapumua haraka, analia ukimbeba au hata halii, na madoa yanaongezeka ukiyatazama, yanakuwa makubwa meusi popote mwilini. HOMA + MADOA YASIYOFIFIA + MTOTO AMELEGEA = toka sasa hivi, bodaboda, jirani mwenye gari, chochote. Kituo cha karibu kinaweza kumpiga sindano ya kwanza ya antibayotiki kabla ya kumsafirisha. Mambo ya kalamu ya wino na mduara hapo sahau.

---

Wa_Kisauni:

Salaam kutoka Mombasa. Mie mtoto wa dadangu alipatwa na jambo karibu na hili lakini si madoa ya miguu. Ana mwaka na miezi, homa kali siku zafululiza, macho mekundu lakini hayana tongo, midomo imepasuka yatoka damu, ulimi mwekundu. Alipewa dawa ya malaria, kisha typhoid, kisha wakasema mkojo una usaha ni UTI. Homa haikomi. Baadaye ngozi ya vidole ikaanza kubambuka kama ganda. Kule hospitali kubwa wakasema Kawasaki. Hiyo nayo yaingia humu?

---

Tabibu_wa_Zamu:

Wa_Kisauni inaingia, tena ni ya pili kwa umuhimu. Kawasaki pia ni vaskulaitisi, ila yenyewe inashambulia mishipa ya ukubwa wa kati, na mishipa inayolisha moyo ndo shabaha yake. Imechukua jina la Dk Tomisaku Kawasaki wa Tokyo, alimwona mtoto wa kwanza 1961 na 1967 akachapisha watoto 50. Japani wanayo zaidi ya wote, watoto zaidi ya 300 kwa kila laki moja wa chini ya miaka mitano kwa mwaka, lakini hakuna taifa lililoandikiwa kinga, na watoto wetu wanaipata.

Na ulivyosimulia ndo njia ileile: malaria, taifodi, UTI. Hiyo UTI ina sababu. Kwenye Kawasaki njia ya mkojo nayo inavimba, chembe nyeupe zinaonekana kwenye mkojo wakati bakteria hakuna, kwaiyo karatasi inasema usaha na mtabibu anaandika antibayotiki. Kama ukiotesha mkojo hauoti kitu na homa haishuki, jiulize tena.

Dalili zake: homa siku tano au zaidi, na angalau nne kati ya hizi: macho mekundu yote mawili bila tongo, midomo na ulimi kama alivyosema, upele mwilini, tezi ya shingo zaidi ya sentimita moja na nusu, na viganja na nyayo kuwa vyekundu na kuvimba. Upele kwenye ngozi nyeusi unaweza usiuone kabisa, unausikia tu ngozi imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa, tazama hasa sehemu za nepi, huko unaanza mapema na kubambuka mapema. Watoto wadogo hawatimizi dalili zote, na ndo walio hatarini zaidi.

Kuna ishara nyingine ambayo Ulaya wengi hawana na sisi tunayo: kovu la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu. Kwa sababu sisi tunachanja BCG mtoto akizaliwa, mtoto wa chini ya mwaka akiwa na Kawasaki lile kovu linaweza kuvimba na kuwa jekundu upya. Huku kwetu angalia bega la kulia, nyie Kenya ni mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Mtoto mwenye homa isiyoeleweka, vua shati utazame kovu.

Kubambuka vidole kunakuja wiki ya pili au ya tatu, ukisubiri hapo umeshachelewa. Dawa yenyewe ni imyunoglobulini (kingamwili zilizokusanywa kwenye damu ya watu wengine) kwa dripu, gramu 2 kwa kila kilo, inatakiwa ndani ya siku 10 za homa. Bila dawa mtoto mmoja kati ya wanne mishipa ya moyo inatanuka, wakipewa kwa wakati inashuka hadi kama 4 kwa 100.

---

Wa_Kisauni:

Alipewa, bei yake usiseme, ukoo mzima tulichanga. Eko ya moyo ilikuwa sawa alhamdulillahi, yuaendelea na kliniki.

---

Tabibu_wa_Zamu:

Alhamdulillah. Bei inaeleweka, mtoto wa kilo 12 anahitaji gramu 24 kwa mpigo. Mkumbushe dadako kitu kimoja, chanjo ya surua. Baada ya ile dripu kinga za watu wengine zinaelea kwenye damu ya mtoto na chanjo haishiki vizuri, kwaiyo inasogezwa, miongozo ya Marekani inasema miezi 11. Aende na karatasi ya hospitali kliniki ya chanjo, asije akapewa kama kawaida alafu ikawa haijafanya kazi. Aspirini waliyompa ni ya daktari tu, mtu asikimbie kumpa mtoto wa jirani mwenye homa.

---

Nesi_Mstaafu:

Naongeza la watoto wachanga maana nimewahi kuona wazazi wanazimia. Mtoto wa miezi 4 mpaka miaka 2 anaweza kuamka na madoa makubwa ya mviringo kama sarafu, mashavuni, masikioni, miguuni, na uso umevimba. Anatisha kumwangalia, lakini mwenyewe ananyonya anacheka. Hiyo nayo ni ndugu wa vaskulaitisi ya IgA, ya watoto wadogo, inaisha yenyewe wiki moja mpaka tatu na figo na tumbo haigusi sana. Tunamlaza tu kwanza kuhakikisha sio ile ya bakteria aliyosema Tabibu. Na viganja na nyayo kuvimba kwa mtoto wa umri huo, pimeni na selimundu jamani, sio kila mkono uliovimba ni Kawasaki.

---

Tabibu_wa_Zamu:

Nesi nondo hizo, shikamoo. Na nyingine niipitie haraka, ni nadra: ukiona ngozi ya mtoto ina mchoro wa wavu wa rangi ya zambarau au kahawia ambao hauondoki hata akipata joto, ukipapasa una vivimbe vinavyouma chini ya ngozi, au ncha za vidole zinakuwa nyeusi, hiyo ni mishipa mikubwa zaidi imeguswa, polyarteritis nodosa ni mojawapo. Huyo sio wa wilaya, ni rufaa moja kwa moja.

---

Bint_Raskazone:

Dokta hujanijibu kesho niwaambie nini

---

Tabibu_wa_Zamu:

Samahani dada, uzi umekimbia. Kesho waambie hivi: mtoto ana madoa yenye mwinuko yasiyofifia, ameumwa tumbo, kifundo kimevimba, pletileti ziko sawa, naomba apimwe mkojo kwa kijiti, protini na damu, apimwe presha, na kriatinini (kipimo cha damu cha figo) kama ipo. Madoa hayo pamoja na tumbo au kiungo yanatosha kumshuku kwa vigezo vinavyotumika duniani, kukatwa kinyama cha ngozi sio lazima kila wakati.

Mkojo wa protini peleka wa asubuhi, ule wa kwanza akiamka. Kijiti kikisema damu, kwa ukanda wetu usisahau kichocho, mtoto anaoga mtoni au bwawani? Mayai ya kichocho yanatafutwa kwenye mkojo wa mchana, saa nne mpaka saa nane hivi, baada ya kukimbia kimbia. Akikutwa nacho apewe dawa yake alafu mkojo urudiwe. Ila PROTINI nyingi ndo isiachwe ikapita kwa kusingizia kichocho.

Alafu hata kama kesho mkojo ni safi bado hujamaliza. Kwa wale ambao figo zinaguswa, 85 kati ya 100 inaonekana ndani ya wiki nne, na 97 ndani ya miezi sita. Kwaiyo mwezi wa kwanza kila wiki, mwezi wa pili na wa tatu kila wiki mbili, alafu mara moja kwa mwezi mpaka mwezi wa sita. Andika kwenye daftari, tarehe, kijiti kimesema nini, presha ngapi. Madoa yakirudi, na theluthi moja hivi yanarudi, unaanza kuhesabu upya. Steroidi (dawa za kutuliza kinga na uvimbe, kama predinisoloni) watu watakwambia, zinasaidia tumbo kali, ila hazizuii figo kuguswa, kwaiyo usinunue predinisoloni dukani.

---

Bint_Raskazone:

Sawa nimeandika yote. Zahanati ya karibu vijiti wanavyo ila presha wanapima ya watu wazima

---

Tabibu_wa_Zamu:

Ule mkanda mkubwa ukimfunga mtoto unasoma presha chini kuliko ilivyo, utaambiwa kawaida wakati iko juu. Mkojo pimeni hapo zahanati, presha nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya uulize "mna mkanda wa mtoto?" Unatakiwa uzunguke mkono vizuri na upana wake ufike kama asilimia 40 ya mzunguko wa mkono. Kama hawana, waulize kliniki ya watoto wanakuja siku gani. Ukishapata majibu ya mkojo njoo uandike hapa, namba tu, jina la mtoto usiweke.